Mashu, Mama wa Mbwa wa Ulaya

Mtu akifika mtaa wa Ndosho, pale Goma, kuulizia nyumba ya Evariste Havugimana, kwanza anaulizwa yeye: "Evariste gani? Wa matofali ao wa mbwa?" Na kwa miaka kadhaa, wa mbwa ndiye aliyekuwa na jina kubwa zaidi. Hata watu wasiofuga hata kuku walijua kwamba ndani ya ua wake wa mawe meusi kulikuwa kunazaliwa Wajerumani, Wabelgiji na Wakanada wenye miguu minne, na kwamba magari ya wakubwa wa mtaa wa Himbi yalikuwa yanakuja kuwachukua na kuwaketisha kiti cha nyuma, juu ya taulo safi.

Evariste hakuzaliwa na elimu hiyo. Alizaliwa Masisi, kati ya ng'ombe wa baba yake, na kule mbwa hakuwa na taifa. Alikuwa mbwa tu. Alibweka ng'ombe wakiingia shamba la mtu, akatupiwa mfupa, siku ikaisha. Vita vilipowafukuza mlimani, ng'ombe wakaenda walikoenda, na Evariste akaingia Goma kutafuta kazi yoyote. Akapata usentineli, kulinda geti la muzungu mmoja wa shirika la misaada. Muzungu yule alikuwa na mbwa mmoja na kitabu kimoja kinene cha mbwa, chenye picha na ramani. Alipomaliza muda wake, mbwa akapanda ndege pamoja naye. Kitabu akamwachia sentineli.

Kifaransa cha Evariste kilikuwa cha shule ya msingi, lakini alikisoma kitabu kile mpaka jalada likang'oka. Akajua kwamba mbwa wa masikio yaliyosimama, berger allemand, alitengenezwa na kapteni mmoja wa Ujerumani aliyetaka mbwa wa kuchunga kondoo mwenye akili ya askari. Akajua kwamba malinois amechukua jina la mji mmoja wa Ubelgiji; kwamba rottweiler, kabla hajawa tishio la wezi, alikuwa anavuta mikokoteni ya wauza nyama; na kwamba mababu wa labrador walikuwa wanawasaidia wavuvi kuvuta nyavu kwenye maji ya baridi kali kule Kanada. Kulikuwa pia na ukurasa mmoja wa mbwa wa Congo. Basenji, ndivyo walivyomwita: mdogo, rangi ya udongo, mkia umejikunja, habweki bali anatoa sauti kama mtu anayejaribu wimbo bafuni. Kitabu kilisema ni miongoni mwa mbwa wa kale kabisa duniani, na kwamba jina lake linatokana na neno lile lile tunalotukania, washenzi. Evariste alikuwa anausoma ukurasa huo, anaumia kidogo, kisha anafungua wa Wajerumani.

Mashu alikuja kwa lori. Lilikuwa lori la mashu, yaani kabichi, kutoka Kibumba. Lilipoanza kupakuliwa, juu ya mzigo akaonekana mbwa jike wa manjano, mwembamba, amelala kama abiria mwenye tiketi. Vijana wa mizigo wakamfukuza kwa kumrushia majani. Akashuka bila haraka, akatazama watu wote waliokuwa pale, akamfuata Evariste mpaka nyumbani. Mke wake, Joviale, muuza mandazi, akatoka na mwiko mkononi.

"Evariste, hapa kwetu midomo ya kula imekosekana?"

"Atalala inje."

"Inje ya wapi? Sisi tuko na inje?"

Kweli hawakuwa nayo. Walikuwa na kijiua chenye ukuta uliojaa mapengo. Mbwa akapewa pembe ya jiko na jina la lori lake. Haikuchukua muda akazaa, na kwa kuwa ukuta haukumzuia mgeni yeyote, mbwa wote wa mtaa walikuwa wamechangia. Watoto wakatoka wa kila rangi: weusi wenye madoa ya kahawia, wa manjano, wa kijivu wenye pua nyeusi, na mmoja mwenye sikio moja limesimama na lingine limelala.

Mwanzoni Evariste alijaribu kuwagawa bure, na hakuna aliyewataka. Siku moja gari la Mama Généreuse, mwenye duka la dawa, likasimama mbele ya ua. Alikuwa amepotea njia, lakini aliwaona watoto wa mbwa.

"Papa, hizi ni za race gani?"

Evariste alifungua mdomo aseme "za hapa hapa". Akakumbuka jinsi watu walivyokuwa wanaondoka wakisikia hivyo.

"Berger," akasema.

Hakuona kama amedanganya. Berger ni mchungaji wa mifugo, na yeye Evariste alikuwa mchungaji. Mbwa wake angekuwa wa nani tena? Lakini uso wa Mama Généreuse ulifunguka kama dirisha. Alishuka garini na viatu vyake vyeupe, akapiga goti kwenye vumbi la mawe ya volkeno, akambeba mtoto wa manjano na kumpa jina la Chérie kabla hata hajauliza anakula nini. Aliporudi nyumbani akasoma kwenye simu, akapiga: "Papa Evariste, huyu si berger, ni labrador!" Evariste akamjibu kwamba hakutaka kumwambia mapema, maana watu wana wivu.

Baada ya hapo wateja wakaja wenyewe, na kila gari likisimama Mashu alifichwa nyuma ya jiko. Mweusi mwenye madoa akawa rottweiler, wa pua nyeusi akawa malinois. Mwenye sikio moja la kulala alichukuliwa na Maître Akonkwa, wakili kutoka Bukavu aliyekuwa na sauti ya kujaza kanisa, akaitwa Bismarck. Miezi ikapita, Bismarck akabaki na kimo cha mbuzi mdogo, na wakili akaja kuuliza.

"Evariste, mbwa haikomale. Na sikio moja inakataa kusimama."

"Maître, Wajerumani wanakomalaka polepole. Na ile sikio, ni ya kusikiliza chini. Wezi ya Goma banatembeaka chini chini."

Wakili akaandika hilo kwenye simu yake na akalirudia kwa wageni wake kama kifungu cha sheria.

Usimhukumu Evariste haraka. Mtu aliyezaliwa Masisi akizungumza Kinyarwanda alikuwa amezoea swali moja kila ofisi na kila kizuizi: wewe ni wa wapi hasa? Akisema Masisi, anaulizwa na kabla ya hapo? Akimtaja babu, anaulizwa na babu wa babu? Sasa aliwaona watu wale wale wakiuliza swali lile lile juu ya mbwa, na akashangaa tofauti ya majibu. Mtu akisemwa ametoka mbali, anaambiwa arudi kwao. Mbwa akisemwa ametoka mbali, anapikiwa nyama. Evariste hakuwa na uwezo wa kujitafutia babu mwingine, lakini kwa watoto wa Mashu aliona haigharimu kitu kuwa mkarimu.

Kisha wateja wakataka zaidi. Mbwa wa Ulaya asiyejua kukaa anapoambiwa akae ni aibu mbele ya wageni. Evariste akafungua shule ya Jumamosi hapo uani. Kitabu kilikuwa na sura nzima ya mafunzo ya utii, na akaifuata neno kwa neno, na mbwa hawakumsikiliza hata kidogo. Aliyemsikiliza ni Mashu. Kwa kipande cha mandazi kilichoungua alijifunza kwamba kidole kikiinuka anakaa, kiganja kikishuka analala. Na Mashu alipokaa, watoto wake wote, wakubwa kwa wadogo, walikaa nyuma yake, kama walivyozoea tangu wakinyonya.

Evariste hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Kila Jumamosi alimfunga Mashu kwenye pembe ya jiko, nyuma ya migongo ya wenye mbwa. Maître Akonkwa anapaza sauti, "Assis!" Evariste, kimya kimya, anainua kidole. Mashu anakaa. Darasa zima linakaa. Machozi yalimlengalenga wakili.

"Inasikia Kifaransa! Bila kusoma!"

"Ni damu, Maître."

Mtu pekee ambaye hakuvutwa na damu ni Papa Idrissa, mzee mwenye magari ya mizigo, ambaye wazazi wake walihamia kutoka Maniema. Yeye alimchukua yule mweusi kwa ajili ya depo. Nyumbani hakumpeleka, sababu ya udhu na sala. Alimwita Douane, yaani forodha, kwa kuwa alimzuia kila mwenye mzigo. "Mimi nilitaka kitu ya kubweka," alisema. "Kama ni ya Ujerumani ao ya Walikale, mwizi haulizake."

Ikafika siku Maître Akonkwa akaunda chama, Klabu ya Marafiki wa Mbwa wa Asili, akajichagua rais. Akatangaza mashindano ya kwanza ya utii, uwanja wa mpira kule Himbi, mbele ya waheshimiwa chini ya hema. Evariste alimsihi yafanyike Ndosho, uani, kwa kuwa mbwa wameshazoea harufu ya pale.

"Waheshimiwa hawawezi kukaa karibu na jiko," alijibu rais. "Na sheria ya chama ni moja: mbwa asiyejulikana asili haingie kiwanjani. Niliiandika mimi mwenyewe."

Usingizi ukampotea Evariste. Asubuhi ya mashindano alimfunga Mashu kwa kamba mpya, akamwambia Joviale asitoke nyumbani. Joviale aliendelea kukanda. Watu wanakusanyika uwanja mzima, wanakaa juani, na yeye abaki nyumbani na unga? Mume alipopinda kona, aliwasha moto. Mandazi yalipoiva akajitwika beseni, akaondoka. Mashu alikuwa hajawahi kuacha beseni lile liende peke yake. Kamba mpya aliimaliza kwa meno, akamfuata kwa nyuma, bila mwenye beseni kujua.

Uwanjani mambo yalikuwa yameanza vibaya. Jaji alikuwa Madame Christa, mama mzaliwa wa Kisangani aliyewahi kufundisha mbwa wa kunusa mizigo huko Kinshasa. Alivaa kofia pana na hakucheka na mtu. Zoezi la kwanza lilikuwa kutembea sambamba na bwana wake bila kamba. Chérie alitembea sambamba na Mama Généreuse mpaka usawa wa hema, akapinda, akala sambusa ya mheshimiwa mmoja akiwa ameishika. Douane alisimama mbele ya jaji akambwekea karatasi zake. Bismarck alikaa chini kujikuna, na wakili akainama juu yake, mkono mmoja kifuani.

"Bismarck, ninakuomba kwa mara ya mwisho, kwa heshima zote, na mbele ya hawa mashahidi."

Bismarck akaendelea kujikuna. Madame Christa akaandika kitu kifupi sana.

Evariste, aliyesimama pembeni na beji ya "mtaalamu", alikuwa anatokwa jasho hadi viatuni. Likabaki zoezi la mwisho, la kubaki. Mbwa wote wanalazwa mstari mmoja, wenye mbwa wanaondoka mpaka upande wa pili wa uwanja, na mbwa hawaruhusiwi kusogea mpaka jaji aseme. Na hapo, kwa bahati, jua lilikuwa limewachosha. Walijilaza wenyewe, ndimi nje. Wenye mbwa wakaenda zao. Hakuna aliyesogea. Waheshimiwa wakaacha kuongea. Maître Akonkwa, kutoka mbali, akamwonyesha Evariste dole gumba, na Evariste akaanza kufikiri kwamba labda kweli kuna kitu kwenye damu.

Ndipo Joviale akaingia kwa geti la mashariki, beseni kichwani, na nyuma ya sketi yake Mashu.

Kichwa cha kwanza kuinuka kilikuwa cha Chérie. Kisha Ujerumani, Ubelgiji na Kanada zikaondoka kwa pamoja. Walipita mbele ya hema kama mafuriko, wakamrukia Mashu, wakamlamba mdomo, wakajigaragaza chini yake wakilia kama watoto wachanga. Bismarck, mbwa wa wakili, alijaribu kunyonya. Mashu akamng'ata kidogo sikio lile la kulala.

Evariste, kwa hofu, aliinua kidole kumwambia mkewe, shhh, ondoka. Mashu akakiona kidole. Akakaa. Na nyuma yake, mstari mmoja ulionyooka kuliko wote wa siku ile, mataifa yote yakakaa.

Madame Christa akavua miwani.

"Ile mbwa ya njano," alisema Maître Akonkwa, akirudi kwa kasi, koti limefunguka, "ni ya nani?"

Macho yote yakamwendea mtaalamu. Evariste alimtazama Mashu, na Mashu alikuwa anamtazama yeye, akingoja mandazi yake.

"Siijue," alisema Evariste. "Ni mbwa ya barabarani. Haijulikane ilitoka wapi."

Alipoisikia sentensi hiyo ikitoka kinywani mwake aliitambua. Alikuwa ameisikia mara nyingi kwenye vizuizi, ikisemwa na mtu mwenye bunduki kwa mwenzake, huku yeye amesimama hapo hapo na kitambulisho mkononi.

Joviale alishusha beseni. "Hauijue? Mbwa inalala kwa jiko yangu miaka hii yote, hauijue? Basi na mimi usiseme unanijua. Tulikuja Goma wote bila kujulikana."

Watu wakacheka, lakini Evariste hakucheka. Alitembea mpaka kwa Mashu, akachuchumaa, akamwekea mkono shingoni mahali kamba ilipokuwa imekatikia.

"Ni yangu, Maître," akasema. "Anaitwa Mashu. Alitoka Kibumba na kabichi. Na hawa wote ni batoto yake. Hakuna hata mumoja aliyepanda ndege."

Papa Idrissa ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka kofia yake ikaanguka, akaketi kwenye majani, akaendelea kucheka akiwa ameketi. "Douane!" aliita. "Kumbe uko ndugu ya Bismarck!" Mama Généreuse alikuwa analia na kumfuta Chérie vumbi, na kwa heshima yake niseme kwamba hakumwacha. Maître Akonkwa aliwaka hasira, akataja udanganyifu, akataja mahakama, akataja vifungu viwili kwa kichwa. Kisha akafunga vifungo vya koti lake. Ilionekana wazi kwamba ameiona kesi yenyewe: yeye, rais, mbele ya hakimu na wanasheria wote wa mji, akithibitisha kwa ushahidi kwamba Bismarck wake ni mbwa wa lori la kabichi.

Akamgeukia jaji. "Madame, wewe unasema nini kama mtaalamu?"

"Mimi?" alisema Madame Christa. "Ninasema mbwa ni nzuri. Macho safi, meno safi, magonjwa ya mifupa hakuna. Rangi ni mbalimbali lakini sura ni moja, hata mtoto mudogo angeona. Mbwa za hapa zimekuwa hapa kabla ya ile kapteni yenu ya Ujerumani kuzaliwa. Kukosa utii ni kosa ya benye mbwa." Akampa Mashu kombe. Kwa kuwa mbwa hana mikono, lilipokelewa na Joviale, ambaye alilitazama ndani kuona kama lina kitu.

Mtu angedhani chama kilikufa siku hiyo. Hakikufa. Kabla hema halijakunjwa, Maître Akonkwa alikuwa amesimama juu ya kiti. Aliwaambia waheshimiwa kwamba yale waliyoyaona hayakuwa ajali. Chama chake, alisema, kilikuwa kimefanya kazi kwa siri kwa miaka mingi, na leo kinaupa ulimwengu mbegu mpya kabisa, Berger wa Volkeno, fahari ya Kivu. Sifa zake ni kimo cha wastani, akili nyingi, na sikio moja lililolala. Waheshimiwa wakapiga makofi. Mmoja akauliza mbwa hao wanapatikana wapi.

Wiki iliyofuata kamati ilikutana kuandikisha mbwa wa kwanza wa mbegu hiyo. Bismarck akaandikwa, Chérie akaandikwa, Douane pia, ingawa Papa Idrissa alisema hana muda wa mambo hayo. Evariste akamleta Mashu. Kamati ikamhurumia sana. Ilimweleza kwa upole kwamba sheria haijabadilika, kwamba mbwa anaandikishwa kwa kujulikana mama yake, na huyu mama yake hakuna anayemjua.

"Lakini yeye ndiye mama yao," alisema Evariste.

"Ndiyo maana tunamuheshimu," alijibu rais.

Walimpa Evariste cheo cha mshauri wa ufundi. Alikikataa, na nadhani ndicho kitu kigumu kuliko vyote alivyofanya maishani, maana kilikuwa na kiti chenye mto wa kukalia. Alirudi kwenye shule yake ya Jumamosi. Sasa Mashu hakufichwa tena pembeni. Alikaa mbele, na wenye mbwa wakafundishwa kumtazama yeye. Kitabu alimpa binti wa jirani aliyependa picha. Watu wakimuuliza mbwa ni wa wapi, alisema Kibumba, basi.

Kosa lilikuwa hilo. Berger wa Volkeno alishaingia kwenye mtindo, na Kibumba ikawa neno tamu. Alasiri moja gari lilisimama mbele ya ua, akashuka bwana mmoja asiyemjua akiwa na mbwa mkubwa ajabu, masikio yote mawili yamesimama, mgongo mweusi, kifua cha askari. Mbwa huyo alikuwa Mjerumani kweli, amefika na ndege, na karatasi zake zimepigwa mihuri ya nchi mbili.

"Papa Evariste," alisema yule bwana, akitazama huku na huku, akishusha sauti. "Ninasikia wewe ndiye unajua. Haiwezekane useme tu kama huyu naye alitoka Kibumba? Sikio tunaweza kuilaza na plasta."

Evariste alimtazama mbwa yule. Alikuwa mnyama mzuri, amechoka na safari, ana kiu. Mashu alisimama, akaenda kumnusa pua, kisha akampisha kwenye bakuli la maji.

"Mwache anywe kwanza," alisema Evariste.